Njia Aliyoibakiza Mama

Shamba letu la mahindi lilikuwa nje ya Tunduma, hadi mji ulipolifuata. Biashara ilipofunguliwa, malori yakapanga foleni kuelekea Zambia, na wageni wakaja kutafuta viwanja kama kumbikumbi. Baba na baba mdogo, waliogawana shamba la babu, wakaanza kuuza. Njia hakuna aliyeikumbuka. Mnunuzi alionyeshwa mipaka, akapanda ua wa minyaa, kisha akajenga hadi ukingoni.

Mama yangu hakuwa mtu wa kuburuzwa. Baba alipomaliza kuchomeka vigingi, mama alifunga maksai kwenye mkokoteni akaupitisha katikati ya shamba. Kila kona ambayo mkokoteni ulishindwa kugeuka, aling'oa vigingi akavisogeza ndani.

"Mama watoto, unatupa kiwanja kizima kwa ajili ya ng'ombe," baba alilalamika.

"Na watu watapita wapi?" mama akamjibu.

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Upande wake aliuza kila kipande, akajibakizia nyumba yake tu. Baba aliingiwa na wivu, akamnunia mama msimu mzima. Mama hakuyumba. Mvua zikikaribia alichimba mtaro pembeni mwa njia yake, na aliyemwaga kifusi humo alikizoa mwenyewe, apende asipende. Nilimwogopa, lakini nilimpenda zaidi kwa ukali ule.

Miaka ikapita, tukawa mtaa. Magari yalifika mlangoni kwetu. Kufika kwa baba mdogo ilibidi upite ubavu ubavu, tena kwa kuomba hodi kwenye ua wa watu.

Baba mdogo alipofariki, ilishindikana kulitoa jeneza. Vijana walilipitisha uchochoroni, likakwama kwenye kona. Mama akaenda kwa jirani, mmoja wa wale waliouziwa na marehemu, akamwomba abomoe ukuta uliopakana na njia yetu. Yule bwana aliwatazama waombolezaji, akaingia ndani, akatoka na nyundo. Marehemu akapitishwa hapo, akatokea kwetu, gari likimsubiri.

Mbele ya ukoo mzima baba akavua kofia.

"Njia hii nilimkatalia mke wangu," alisema. "Leo imemtoa mdogo wangu."

Mama akamwambia avae kofia, jua ni kali, asogee gari lipite. Mimi nilijivuna waziwazi, pale pale msibani, na sikuona aibu.