Daftari ya Mabega

Tarehe 18 mwezi wa kwanza, 1954. Ukungu ulikalia kilima mpaka saa tano, kisha manyunyu yakaanza, yale ambayo hayaloweshi nguo lakini yanafika mpaka kwenye mifupa. Siku hiyo njo tulikata mianzi ya ngobyi mupya.

Ngobyi ni kitanda cha kusuka chenye miti miwili mirefu, cha kubebea wagonjwa. Kilima chetu kiko kati ya Nyabiondo na Bihambwe, na hospitali iko Masisi, mwendo wa kutwa kwa muntu mwenye mugonjwa. Kwa hiyo nyumba zote, sisi walimaji wa chini na wachungaji wa juu kwenye majani, tulikuwa chama kimoja. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mwanaume. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma na kupokea wale wanaochoka, na mugonjwa hatuliwi chini mpaka afike. Asiyekuja bila sababu, atalima siku moja katika shamba la mugonjwa. Sheria ilikuwa hiyo tu.

Miye nilisoma miaka mitatu kwa mapadri, si zaidi, lakini herufi zangu zilikuwa zinasomeka, basi wakanifanya mwandishi. Prezida wa chama alikuwa jirani yangu wa mupaka mumoja. Tulibatizwa siku moja, maji ya chombo kimoja. Nasema hivi ili musomaji ajue kwamba hakuwa muntu wa mbali.

Siku ile ya mianzi alinikuta nimeketi juu ya gogo, ninaandika majina.

“Mwandishi,” akasema, “jina halibebi muntu. Andika mabega!”

Watu wakacheka. Mumoja akavua shati akaja kunigeuzia mugongo. “Andika hili langu, ni la ng’ombe dume.”

“Nitaandika la ndama,” nikamujibu, wakacheka tena.

Lakini neno lile lilinikaa kichwani. Niliona lina akili. Njia ya kupanda, wafupi wanatakiwa mbele na warefu nyuma, ili mugonjwa asiteleze kichwa chini. Njia ya kushuka, kinyume. Kuna muntu anabeba kwa bega la kulia tu. Kuna mwingine anakohoa, ukimupatia mulima unapata wagonjwa wawili. Basi juma lile nilizunguka nyumba kwa nyumba na fimbo, nikapima urefu wa kila mwanaume, nikaandika: murefu, mufupi, bega la kulia, bega la kushoto, ana nguvu sana, anakohoa, ana goti mbaya. Wote walisimama wima mbele yangu kama watoto wa shule. Nilijisikia muntu wa maana. Labda hapo njo kosa langu lilianzia, sijui. Hakuna aliyenituma kupima. Prezida alikuwa amefanya mchezo tu.

Mwaka ulianza vizuri. Katikati ya Kwaresima tulimubeba mama mumoja mujane wa kule juu, mwenye ng’ombe watatu na mwana mumoja tu. Alikuwa amevunjika mguu, lakini mudomo wake haukuvunjika.

“Weye wa nyuma! Unabeba miye ao unabeba jiwe?”

“Mama, jiwe halisemi.”

“Basi nitasema mpaka Masisi, ujue siyo jiwe!”

Na alisema kweli mpaka Masisi. Alisema juu ya wakwe zake wote, wazima na wafu. Mwana wake alibeba mbele njia yote ya kushuka, akakataa kupokewa, na tulipofika bega lake lilikuwa limevimba kama mukate. Nilipofika nyumbani niliongeza kwenye daftari, mbele ya jina lake: hachoki.

Mwezi wa sita, siku ya maandamano ya Sakramentu, mupadri alituomba tutembee mbele na ngobyi yetu imepambwa maua. Watu wa vilima vingine walitutazama kwa wivu, na ninakiri tuliufurahia. Prezida alibeba musalaba. Baada ya misa nilimuona amesimama pembeni ya kanisa na kapita, muntu aliyekuwa anatafuta wafanyakazi wa machimbo ya mawe kule porini, Walikale. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya kawaida. Kapita alikuwa anaangalia wabebaji wetu wakikunja kamba. Niseme haki: sikusikia hata neno moja. Inawezekana walikuwa wanazungumza juu ya maua.

Mwezi wa nane, jua kali, vumbi mpaka ndani ya sufuria. Prezida alikuja nyumbani kwangu asubuhi.

“Kaka, nipatie ile daftari siku mbili. Ninataka kupanga zamu mbele mvua irudi.”

Muke wangu alikuwa anapukucha maharagi kwenye kizingiti. Alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mbele ya ile alikuwa amepoteza mbili. Kwa mimba ya pili, muganga wa Masisi alikuwa amemwambia: safari nyingine uchungu ukianza, usingoje nyumbani hata kidogo, uje. Ndiyo maana kwangu ngobyi haikuwa mchezo.

Akasema bila kuinua macho: “Daftari haina miguu. Kwa nini itembee?”

“Mama, itarudi,” prezida akamujibu akicheka.

Nikamupatia. Ilikaa siku tano. Iliporudi ilikuwa imefungwa ndani ya jani la mugomba, safi, hata kona hazikukunjwa, na nilimushukuru kwa kuitunza.

Siku ya kwanza ya juma lililofuata, kapita akaja na askari wawili. Pembe ililia, tukafikiri kuna mugonjwa, wanaume wote wakakimbia na kamba zao kiunoni. Walipofika walikuta kapita ameketi juu ya kiti na karatasi.

Akaanza kuita. Jina la kwanza lilikuwa jina la kwanza kwenye daftari yangu, na la pili lilikuwa la pili. Alipofika kwa yule mwenye goti mbaya, akaruka. Anayekohoa, akaruka. Kisha akainua kichwa na kuuliza: “Yule hachoki, iko wapi?”

Watu hawakumuangalia kapita. Waliniangalia miye. Maneno yale walikuwa wameyaona yakitoka kwenye kalamu yangu, na mwana wa mama mujane alikuwa amejivunia neno lile kilima kizima.

Walichukua kumi na wawili. Miezi sita, wakasema. Waliondoka siku ileile na kamba zao za kubebea wagonjwa, hawakuruhusiwa kuzirudisha nyumbani.

Mbali na la prezida mwenyewe, majina matatu hayakuitwa, ijapo yalikuwa ya watu wazima, wenye nguvu. Mawili yalikuwa ya wadogo wa prezida. La tatu lilikuwa langu.

Nilienda kwa prezida mbio. Alikuwa anachonga mupini wa jembe, na hakuacha kuchonga.

“Ulimupatia kapita daftari yetu,” nikasema.

“Kapita alisema kilima kitoe kumi na wawili. Asipopata, askari watakamata muntu yeyote njiani, hata mwenye kifua. Ungetaka wachukue wagonjwa? Weye mwenyewe ulipanga wenye nguvu na wasio na nguvu. Nilifuata kazi yako.”

“Na wadogo zako?”

“Mama yangu ni muzee.”

“Yule mujane naye ana mwana mumoja!”

Hapo njo aliacha kuchonga. “Na weye una muke mwenye mimba. Nilikutoa. Ao nirudi kwa kapita nimwambie nimekosea, kuna mumoja amebaki?”

Nilipaswa kusema ndiyo. Nimeandika neno lile mara nyingi kisha nikalifuta, kwa sababu sikulisema. Nilisimama pale mpaka miguu ikanirudisha nyumbani yenyewe.

Kutoka siku ile kilima kilijua kwamba mwandishi na prezida wameuza wabebaji. Nilitaka kueleza. Lakini nieleze nini? Kwamba sikujua? Jina langu halikuitwa, na kila muntu alikuwa na masikio. Kisimani wanawake walimuachia muke wangu nafasi pana, namna wanavyomuachia muntu mwenye upele. Mama mujane alikutana na miye kwenye njia ya soko, akitembea na fimbo, akasimama.

“Mwandishi wetu! Na miye andika basi. Bega moja nzuri, mguu moja mbaya. Utapata bei gani?”

Akanitemea mate karibu na miguu. Si juu ya miguu, karibu. Nasema ilivyokuwa.

Siku ya Watakatifu Wote hatukuwa na mukutano. Sikukuu ya chama, ile ya kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, na kusafisha ngobyi, ilipita bila muntu kuitaja. Ngobyi ilikaa chini ya paa la katekista, mwalimu wetu wa dini, kuku wakaanza kutaga ndani yake. Miye nilikuwa nahesabu miezi ya muke wangu na kujiuliza usiku na muchana: pembe ikilia kwa ajili yake, nani atakuja?

Ililia mwezi wa kumi na mbili, siku nne mbele ya Noeli, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Nilipuliza miye mwenyewe, mara tatu. Mama mukwe alikuwa amemushika muke wangu mabega, naye alikuwa anauma kitambaa.

Watu walitoka kwenye milango. Niliwaona wote. Wazee, wenye goti, wenye kifua, wanawake na mikono yao juu ya kiuno. Sheria ilisema kila nyumba inatoa mwanaume, lakini wanaume wa nyumba zile walikuwa Walikale. Wengine waliobaki walirudi ndani. Sikuwalaumu siku ile na leo siwalaumu.

Kisha nikaona watu watatu wanapanda kutoka bondeni, ngobyi juu ya kichwa, manyoya ya kuku yamekwama kwenye kamba. Prezida na wadogo zake wawili.

Nilitaka kumwambia arudi. Kweli nilitaka, neno lilikuwa mudomoni. Muke wangu akatoa kitambaa kwenye meno.

“Utasimama hapo unafikiri mpaka nife? Muniinue!”

Tukamuinua. Wanne, bila wa kupokea, mama mukwe nyuma na kitunga cha chakula kichwani. Prezida mbele na mudogo wake mumoja, miye nyuma na yule mwingine. Njia yote niliangalia shingo ya prezida, jinsi jasho lilivyoshuka katikati na kuingia kwenye shati. Tulipopita kwa mama mujane alikuwa amesimama nje ya zizi.

“Mukuje muone!” akaita nyumba zote. “Wanaume waliobaki njo wale wanapita!”

Kwenye mulima wa pili mudogo wa prezida, yule wa mbele, aliteleza, na muke wangu akalia. “Mwambieni huyo wa mbele asinitingishe. Si gunia.”

“Pole, mama,” prezida akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. Hatukutua hata mara moja. Bega langu liliacha kuuma kwenye muto na kuanza kuuma upya tulipoona mabati ya hospitali. Saa kumi mutoto alizaliwa, musichana, akapiga kelele kabla hawajamugusa. Muke wangu alipona.

Nilitoka nje nikamukuta prezida ameketi chini ya ukuta. Wadogo zake walikuwa wanaosha miguu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwa miezi minne.

“Musichana,” nikasema.

“Mungu asifiwe.” Kisha akasema polepole, bila kiburi, namna unavyosema kitu ambacho umekifikiria sana: “Kama tungeenda na wale, leo angebebwa na nani?”

Nimelipima neno lile kila upande, na sijapata mahali pa kulivunja. Ni la kweli. Njo maana siwezi kumusamehe: alinifanya niwe upande wake, na mutoto wangu anapumua kwa sababu ya ile.

Desturi inasema wabebaji wanakula na jamaa ya mugonjwa siku ya kufika, kutoka kitunga kimoja, na asiyekula amekata ngobyi, hawatabebana naye tena. Mama mukwe alikuwa amewasha moto nyuma ya jiko la hospitali. Alipakua na kuweka chini katikati yetu, akaniangalia miye kwanza, akangoja.

Nikanawa mikono. Tulikula bugali ya muhogo na maharagi, hayakuwa na chumvi, na muke wangu alipelekewa uji ndani.