Sikio la Kalondu

Asubuhi hiyo Kalondu alikunywa chai akiwa amesimama, kama siku zote. Akamwachia mumewe nusu ya kiazi kitamu, akamkumbusha awashe redio saa kumi na mbili. Nthiwa hakuwahi kusahau. Alikuwa ameketi kwenye gunia akiambua mbaazi, redio ndogo imening'inia msumarini karibu na sikio lake. Angejua ni asubuhi ya mwisho ya namna hiyo, angemtazama akiteremka mpaka barabarani. Hakumtazama.

Kalondu aliingia redio ya kanisa, pale juu ya soko la Tawa, kama mfagiaji. Fundi aliyeleta mashine ya sauti alitafuta mtu wa kumfundisha. Vijana wote walitaka maikrofoni, akamfundisha mwenye ufagio. Lilikuwa sanduku la chuma tu, limekaa kati ya mtangazaji na mnara. Linainua sauti ndogo, linakandamiza kubwa, na ukizungusha upande wa kulia linayapa maneno makali. Alikaa nalo miaka tisa. Hedifoni hakuziamini.

"Hizi zinadanganya. Nani Tawa anasikiliza na hizi?"

Kwa hiyo kila asubuhi, wimbo wa kwanza ukianza, alimpigia mumewe simu.

"Baba Mulinge, unasikia aje?"

"Besi imezidi. Punguza."

"Sasa?"

"Hapo."

"Hapo hapo?"

"Nimesema hapo. Ama nikuje nikuimbie?"

Alicheka, akakata simu.

Mwaka wa nane, Nthiwa aliona vifaranga wakifungua midomo bila sauti kutoka. Alidhani wameugua. Jirani yao Kavata akapita, akasimama uani. "Mzee, wape hao vifaranga maji! Kelele yote hiyo na wewe umekaa tu?"

Akajua masikio yake hayashiki tena sauti nyembamba. Lakini hakumwambia Kalondu. Angemwambia, angetafuta sikio lingine, na simu ya asubuhi isingelia tena. Basi akawa anasema alichosikia. Maneno hayatoki. Ongeza makali. Wiki ifuatayo, ongeza tena. Kalondu aliongeza.

Watu wakaanza kupiga simu kituoni. "Kwani mnakaanga mandazi huko ndani?" Kalondu aliwajibu kwamba mumewe anasikiliza kwa redio kama zao, na anasikia vizuri.

Asubuhi hiyo ya kiazi, walikuwa katikati ya simu yao Nthiwa aliposikia mlango ukifunguliwa upande wa pili, kisha sauti nzito ya Mchungaji Kitonga.

"Mama Mulinge, watu wamelalamika mwezi mzima. Masikio yako yamechoka. Si dhambi. Nipe funguo upumzike."

Simu ilikuwa mkononi mwa Nthiwa. Angesema neno moja, Kalondu angelisikia. Nthiwa alishika ganda la mbaazi, akaliambua. Halikuwa na kitu ndani. Simu ikakatika.

Kalondu alifika nyumbani kabla ya saa sita, amebeba kikombe chake na leso. Redio hakuigusa tena. Kila siku Nthiwa alijiambia, kesho nitamwambia. Kesho hizo zilifika wiki kumi na moja. Kisha presha ikamwangusha Kalondu jikoni, na hakuamka.

Baada ya mazishi Nthiwa alimwendea mchungaji.

"Hayakuwa masikio yake. Yalikuwa yangu."

"Nini, mzee?"

Akarudia. Mchungaji akamshika bega. "Mungu anajua."

Mungu anajua, ndiyo. Lakini aliyestahili kuambiwa yuko chini ya udongo, na alikwenda akiamini amezeeka vibaya.

Sasa mashine inashikwa na msichana anayeitwa Nyawira. Watu wanasema sauti imekuwa safi sana. Nthiwa huwasha saa kumi na mbili, anasikiliza, haoni tofauti. Simu huiweka juu ya gunia, hapo karibu. Hailii.

Kinachomrudia ni jioni ya siku ile ya funguo. Kalondu alimmiminia uji, akamsogezea bakuli, na wala hakuwa na hasira. Alisema:

"Wacha tu, Baba Mulinge. Angalau hii nyumba bado iko na mtu mmoja anasikia."