Fundi wa pampu na nyumba inayomfuata kazini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu amelala chali kwenye sakafu ya trela jipya, kichwa chake kikiwa ndani ya kabati la sinki. Miguu imetokeza nje ya mlango. Anachana tishu vipande vipande na kuvitandaza chini ya kila kiungio cha bomba, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Vyote viwe vikavu mpaka saa nne," anasema bila kutoa kichwa. "Kimoja tu kikilowa, nimekwisha."

Nje, mumewe anatembea huku na huko na mtoto begani. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi saba, na kwa jinsi anavyotoa amri kwa kidole, baba yake alimpa cheo kabla hajaota meno. Anaitwa Bosi. Kwa hiyo aliye kabatini ni Mama Bosi, na karakana nzima ya idara lilikoegeshwa trela, kuanzia mlinzi wa geti, haimjui kwa jina lingine.

Mama Bosi ni fundi wa pampu za visima virefu. Saa nne leo, Ijumaa, mkuu wake wa idara anakuja kuona kama anajua kulitumia na kulitunza trela hili la kuishi. Akifaulu, mume na mtoto watahamia humo na kufuatana naye kazini. Akishindwa, trela litapewa kikosi kingine, naye atarudi kusafiri peke yake kama zamani.

Zamani yenyewe ni miaka saba. Ana visima thelathini na kimoja vya kuangalia, katika vituo saba vilivyo mbali kimoja na kingine, na kila mwezi siku kumi na mbili huwa njiani. Hakuna nyumba ya wageni huko. Hulala kwenye kibanda cha pampu, godoro jembamba pembeni ya injini.

"Nilizoea," anasema, sasa amekaa, anajifuta mikono. "Ukilala na injini miaka saba, kimya ndicho kinachokuamsha."

Alichoshindwa kukizoea kilimkuta nyumbani, miezi miwili iliyopita. Alirudi safarini jioni, vumbi tupu, akanyoosha mkono kumchukua mwanawe. Bosi akamtazama, akaficha uso shingoni mwa baba yake, akaangua kilio.

"Alinilia kama anayemlilia daktari wa sindano," anasema. "Nikaingia bafuni, nikafungua bomba liwe na kelele, wasinisikie."

Mumewe, ambaye ni fundi cherehani na ndiye anayekaa na mtoto, anakumbuka vizuri. "Nikamwambia, Mama Bosi, huo ni usingizi tu, kesho atakuwa sawa. Nilikuwa nadanganya, naye alijua nadanganya, tukala tukalala."

Ndiyo maana ofisi iliponunua matrela mawili kwa ajili ya mafundi wa vituo vya mbali, mkono wa Mama Bosi ulikuwa juu kabla tangazo halijaisha kusomwa.

Trela lina urefu wa hatua tisa. Kuna kitanda cha watu wawili, meza inayokunjwa ikawa kitanda cha mtoto, jiko la gesi la mafiga mawili na tangi la lita tisini. Pale dirishani pana kona tupu. Baba Bosi aliipima kwa futi yake ya kushonea siku ya kwanza, kabla hata hajauliza kama mlango una kufuli, na cherehani ikaenea, ikabaki nafasi ya vidole viwili.

Mafunzo waliyapata kwa msimamizi wa karakana, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, ambaye wote humwita Kamanda. Alianza na kabari. Usilifungue trela kutoka kwenye pikapu kabla hujaweka kabari kwenye magurudumu. Halafu pimamaji sakafuni, uone kama limekaa sawa, ndipo ushushe miguu ya kona. Maji baadaye, gesi mwisho. Kaza nati za magurudumu kabla ya kuondoka, kisha zikague tena ukishatembea kidogo, kwa sababu gurudumu jipya hujilegeza.

Hayo yote Mama Bosi aliyameza siku mbili. Rivasi ndiyo iliyomtoa jasho.

"Usukani kulia, mkia uende kushoto," Kamanda alimwambia.

"Kwa nini lisiende ninakolielekeza?"

"Muulize shemeji hapo. Ameoa, anajua."

"Shemeji yako ndiye trela lenyewe," Mama Bosi akajibu, na filimbi ikamtoka Kamanda mdomoni kwa kicheko.

Shemeji mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kuongoza, na aliongoza kama alivyozoea. "Rudi inchi tatu! Hapo! Sasa inchi moja na nusu kushoto!"

Mama Bosi akatoa kichwa dirishani. "Baba Bosi! Hili gari, si suruali!"

Walivunja rekodi ya karakana siku hiyo: mapipa manne ya mazoezi chini kabla ya saa sita. Hatimaye Kamanda alimpiga mume marufuku kusema. Asimame tu pale kona ya trela inapotakiwa kufika, mkono juu, mdomo umefungwa. "Na wewe," akamgeukia dereva, "ukiona limekataa, simama, nenda mbele, anza upya. Hakuna anayekufukuza."

Kufikia Jumatatu ya wiki hii walikuwa wanapita katikati ya mapipa bila kuyagusa. Mambo yakawa shwari. Kisha ikafika Jumanne.

Mafundi wa visima wana desturi yao. Bomba halikabidhiwi kabla halijapimwa. Huunganishwa na pampu ya majaribio, presha ikapandishwa hadi geji isome kumi, watu wakasubiri. Lisipotoa hata tone, hilo ni bomba. Likitoa, linang'olewa. Kijiji kizima kitakunywa hapo, hakuna kubahatisha.

Jumanne mchana, Kamanda akiwa amekwenda kula, Mama Bosi alichungulia chini ya sinki akaona mabomba ya trela. Membamba, ya plastiki, mepesi kama mirija ya soda. Akayatilia shaka.

"Nikajiambia, hapa ndipo atakapolala mwanangu," anaeleza. "Siwezi kuliamini bomba ambalo sijalipima."

Akaleta pampu ya majaribio. Geji ilipofika nne, ukutani pakasikika sauti kama ya mtu anayefyonza. Ilipofika sita, kiungio cha chini ya sinki kikafunguka na maji yakaruka hadi darini. Sekunde mbili baadaye kikafuata cha nyuma ya kitanda.

Baba Bosi alikuwa ndani, mtoto mgongoni, anapima mapazia. Alitoka na futi shingoni, ameloa mpaka soksi. "Sasa ndio nimeielewa kazi yako," akamwambia mkewe.

Kamanda aliporudi, alisimama mlangoni na kijiti cha meno mdomoni. Maji yalikuwa yanashuka ngazi moja baada ya nyingine.

"Mama Bosi, kitabu kinasema presha mbili na nusu. Wewe umepeleka ngapi?"

"Sita."

"Na ulikuwa unaelekea ngapi?"

"Kumi."

Kamanda akakitoa kijiti mdomoni. "Maji haya yanapanda nusu mita tu kufika kwenye sinki, mama. Ulikuwa unayapeleka mlimani?"

Hakucheka mtu. Ukaguzi ulikuwa baada ya siku tatu, godoro limelowa, milango ya kabati imeanza kuvimba. Mama Bosi alikaa sakafuni, kwenye maji hayohayo, mgongo ukutani.

Baba Bosi, mikono ikiwa imejaa mapazia, alimshusha mtoto ndani ya trela ili apate kuyakamua. Bosi akatazama chini. Akapiga mguu mmoja, maji yakaruka. Akapiga wa pili. Akacheka kile kicheko cha watoto kinachowaangusha wenyewe, akainuka, akaja akirusha maji mpaka kwa mama yake. Akamshika mashavu kwa viganja viwili vilivyolowa, akasema, "Maji!"

"Neno hilo alikuwa nalo siku nyingi," anasema Mama Bosi, na sauti yake inapungua. "Ila alikuwa anampa baba yake tu. Siku ile akanipa na mimi. Nikainuka. Nikasema, hii nyumba hatunyang'anywi na mtu."

Siku mbili zilizofuata trela lilikuwa kama nyumba inayotarajia wageni. Mama Bosi alibadilisha viungio vyote kumi na kimoja, hata vile vizima. Feni ya karakana ilipuliza usiku na mchana. Godoro lilianikwa juani, likageuzwa kama mkate, na Baba Bosi akalishonea foronya mpya ya maua kutokana na vitambaa vilivyobaki dukani kwake. Mwisho Mama Bosi alichukua kifaa cha kupunguza presha stoo, akakifunga pale mpira wa maji unapoingilia. Sasa hata mtu akileta pampu ya kisima, ndani presha haipiti mbili na nusu.

"Nimejizuia mimi mwenyewe," anasema.

Saa nne kamili mkuu wa idara anafika. Ni mwanamke mrefu, kalamu sikioni, maneno machache. Hasalimii, anayaonyesha tu mapipa kwa kidole.

Baba Bosi anasimama mahali pake, mkono juu, midomo imebanwa hadi imepauka. Trela linaanza kurudi, linapinda. Mama Bosi anasimama, anakwenda mbele, ananyoosha. Safari ya pili linaingia katikati ya mapipa kama droo kwenye kabati lake. Kabari. Pimamaji. Miguu. Maji. Jiko linawaka kwa njiti moja.

Mkuu anaingia ndani, anafungua hiki na kile. Anafika kwenye sinki, anajaribu kufunga mlango wa kabati. Haufungiki mpaka mwisho.

"Huu umevimba. Kwa nini?"

Kamanda anatazama viatu vyake. Unyevunyevu ungeweza kusingiziwa, au kiwanda.

"Niliyapima mabomba kwa presha ya visima, mkuu," anasema Mama Bosi. "Yakapasuka. Nimeyatengeneza mwenyewe, na mlango nitauranda."

Mkuu anavuta kiti, anakaa. "Fungua maji. Yaache."

Inapita nusu saa. Bosi amekaa mezani na kalamu ya mkuu, anachora kwenye fomu ya ukaguzi, na hakuna anayethubutu kumnyang'anya. Kisha mkuu anapiga magoti, anatoa vipande vya tishu kimoja kimoja, anavigusisha shavuni. Vyote kumi na kimoja vikavu.

"Kikosi kilichopewa trela la pili kinalo wiki ya tatu sasa," anasema akiinuka, "na jana waliniuliza tangi liko wapi. Wiki ijayo utawafungia na wao kifaa hicho cha presha. Hili ni lako. Baada ya miezi mitatu nitakuja kuliona." Anamgeukia mtoto. "Bosi, naomba kalamu yangu."

Bosi anatikisa kichwa. Mkuu anaondoka bila kalamu.

Baba Bosi, ambaye sasa ameruhusiwa kusema, anasema mambo yote kwa pamoja: cherehani ipandishwe leo, sare za shule za vituo vyote saba atazishona yeye hukohuko, na ile rivasi ilikuwa nzuri ila ingesogea inchi mbili. Mkewe anampiga begani kwa kitambaa cha mkononi.

Wanaondoka Jumatatu, siku kumi na mbili, wote watatu. Mama Bosi amempakata mwanawe kwenye ngazi ya trela, na mtoto anachezea vifungo vya ovaroli. Mama anaulizwa anatarajia nini huko mbele. Anafikiri kidogo.

"Kuna siku atakua, aulizwe shuleni, mama yako yuko wapi?" anasema. "Sitaki ajibu, amesafiri. Nataka awashike mkono wenzake aseme, njooni niwaonyeshe."