Mama Mkwe na Kichaka cha Brashi

Kichaka hicho mume wangu alikuja nacho kutoka Bugarama kikiwa mche kwenye mfuko mweusi wa plastiki, kimelazwa juu ya gunia la mihogo. Muuza miche alikuwa amemwambia kuwa asili yake ni Australia, na kwamba maua yake ni mekundu, yamesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Tulikipanda nyuma ya nyumba yetu hapa Rumonge, kati ya bafu na ukuta, tukakiita kichaka cha brashi.

Mwaka huohuo mama mkwe alihamia kwetu. Maisha yake yote alikuwa ameyapitisha Gitaza akianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mpaka ziwa lilipopanda, likaingia nyumbani kwake na kukaa humo. Alifika na mkeka, sufuria zake na kipande cha wavu wa kuanikia. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko barazani. Yeye aliweka kigoda chake uani, akakaa akiwa amelipa ziwa mgongo. Nikimsalimia aliitikia, kisha basi.

Siku moja alikitazama kile kichaka kwa muda mrefu.

"Hii iko inazaa nini?"

"Maua tu, mama."

"Maua tu," alirudia, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokihitaji.

Kiangazi cha kwanza kilinisumbua. Udongo wetu ni mchanga, maji hupita kama kwenye chujio. Kila asubuhi nilimwaga ndoo polepole kwenye shina. Nikaomba makapi ya mawese kwa majirani wanaokamua, nikayarundika kuzunguka mche ili ardhi isikauke. Nilirundika mno. Siafu wakaja, majani yakageuka manjano, na gome la chini likaanza kulainika. Nikayasogeza makapi mbali na shina, nikaacha nafasi ya kiganja, nikapunguza maji. Majani mapya yalipochipua yalikuwa na vinyweleo laini, nikawa nayagusa kila ninapokwenda kuoga.

Kilichanua msimu wa mvua uliofuata. Ndege aina ya chozi wakaanza kuja, wadogo, wanang'aa, wananing'inia kichwa chini na kufyonza asali. Asubuhi moja niliona kigoda cha mama mkwe kimegeuzwa kuelekea kichaka.

"Angalia yule mudogo," aliniambia. "Anafukuza wenzake wote."

Tangu aulize kinazaa nini, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza aliyonipa bila mimi kuuliza kitu. Nilikaa chini karibu naye, tukamwangalia yule mchoyo mpaka chai ikapoa.

Mume wangu hakutaka kichaka kiguswe na kisu. Kikarefuka, kikawa na matawi mapana yenye maua nchani tu, huku katikati kukiwa kutupu. Kisha nilikwenda Bujumbura kununua vitambaa, na niliporudi nikakuta kimekatwa pande zote.

"Mama, umekikata?"

"Kilikuwa kinaanguka kwa njia ya bafu. Kila nikipita kinanipangusa uso."

Nilikwenda kwenye cherehani. Uzi ulinikatikia mara kwa mara. Usiku mume wangu alikula akitutazama kwa zamu.

Matawi aliyoyakata alikuwa ameyatandaza juani, juu ya ule wavu wake wa Gitaza, yakauke yawe kuni. Siku chache baadaye aliniita. Kwenye matawi kulikuwa na vifundo vigumu vilivyopangana kama shanga, navyo vilikuwa vimefunguka. Chini ya wavu, juu ya kitambaa alichokitandika, kulikuwa na kitu cha kahawia kama vumbi.

"Hii si vumbi," alisema. "Vumbi haifanani hivi."

Zilikuwa mbegu. Hakuna kati yetu aliyejua hupandwaje. Tulichukua beseni lililopasuka, tukatia mchanga na udongo mweusi, tukazinyunyiza juu bila kuzifukia, kwa sababu tuliogopa zitapotea. Maji tuliyarusha kwa vidole. Zilipoota zilikuwa nyembamba kama nywele, na mama mkwe akakataza kuku wasiachiliwe uani. Kichaka chenyewe nacho kilichipua kila mahali kilipokatwa. Mvua ziliporudi kilikuwa chekundu kuanzia chini, na mume wangu akakiri kwamba kinapendeza.

Miche ilipopata nguvu, mama mkwe aliigawa. Ya kwanza aliwapa wanawake wa Gitaza waliohamia mjini kama yeye, na wao wakawa wanakuja kutoa habari za miche yao, wakikaa mpaka adhuhuri. Mwingine alimpa jirani yetu Mkristo aliyerudi kutoka Tanzania. Huyo humrekebisha Kiswahili.

"Siyo mutoto, ni mtoto."

"Wewe sema chako, mimi nasema changu," mama mkwe humjibu, na wote hucheka.

Mwaka huu kichaka cha jirani kimechanua kwa mara ya kwanza. Alikuja kulalamika kwamba maua yake si mekundu, yamepauka, karibu na waridi. Mama mkwe alifunga kitenge chake, akaenda kuyaona mwenyewe. Alirudi alasiri.

"Iko mazuri kushinda yetu," aliniambia, akaketi. "Akikata matawi yakakauka, umwombe mbegu. Mimi naona haya kuomba nilichomupa."

"Nitamwomba, mama."

"Murakoze, mukwe wangu," alinishukuru kwa Kirundi.