Timu ya Mama Kola

Mama Kola alipewa jina hilo kiwandani, kwa kuwa tangu usichana wake kazi yake ilikuwa moja tu: kushona kola za mashati. Mameneja walikuja na kuondoka, kila mmoja na elimu yake, yeye yupo palepale kwenye cherehani.

Meneja wa kwanza aliamini kila kazi ina njia moja bora tu, na mfanyakazi aifuate bila kufungua mdomo. Alisimama nyuma yao na saa ya kupimia wakimbiaji, akipima hata mkono unavyookota kitambaa. Akaona vyuma vya kukinga vidole kwenye cherehani vinachelewesha kazi, akaamuru ving'olewe. Haukupita muda, sindano ikapenya kidole cha wifi yake Mama Kola, dada wa mumewe, aliyekaa cherehani ya jirani. Kidole hakikukunjika tena. Meneja akapandishwa cheo.

Wa pili akaja na somo lingine: binadamu si mashine, mpe furaha naye atazalisha. Akapaka kuta rangi, akauliza habari za watoto, akawasikiliza wakilalamikia joto la pasi za mvuke, huku akitikisa kichwa hadi ukadhani shingo itakatika. Joto likabaki vilevile.

"Afadhali yule wa saa," Mama Kola alikuwa akisema. "Yeye hakujifanya ananipenda."

Wa tatu, kijana mwenye maneno matamu, alitangaza kwamba shule zote mbili, ya saa na ya furaha, zimepitwa na wakati. Sasa hakuna bosi wala mtumwa, kuna timu zinazojiongoza zenyewe. Akamfanya Mama Kola kiongozi wa timu ya kola, akamvutia hata kiti akae. Tusifiche: alifurahi. Jioni alimsimulia mumewe mpaka chai ikapoa.

Kisha wanunuzi wa mashati wakapungua. Asubuhi moja kijana akawakusanya.

"Timu yenu ina mmoja anayewarudisha nyuma," alisema. "Jadilianeni, mniambie nani tumwachishe kazi."

Macho yakaanza kutafutana, mengine yakamwendea msichana mgeni wa timu. Wifi akaficha mkono chini ya khanga.

Mama Kola aliweka mikasi mezani. "Tukuambie sisi?"

"Ndiyo, mama. Huku ndiko kushirikishwa."

"Mlipong'oa vile vyuma, mlimshirikisha nani?"

"Hiyo ilikuwa shule ya zamani, mama. Mimi sikuwepo."

"Shule ya zamani, kidole ni kilekile!" Alipiga meza, mikasi ikaruka. "Mnabadilisha vitabu, tunaoumia ni sisi! Sasa hata kufukuza mnataka tuwafanyie, ninyi mbaki na mikono safi? Kufukuza ni kazi yako. Ifanye kwa mdomo wako, tukusikie!"

Kijana aliifanya. Aliutazama ukuta, akamwambia wifi akabidhi vifaa vyake. Kisha akamvua Mama Kola uongozi.

Mama Kola alimkimbilia wifi yake getini, akidhani watalia pamoja. Wifi akamgeukia kwa ukali.

"Nani alikutuma, wifi? Wangemtaja yule msichana mgeni, mimi nikapona!"

"Naye angekwenda wapi?"

"Mimi nakwenda wapi?"

Mama Kola alimwangalia akivuka barabara bila kugeuka. Hasira aliyobaki nayo haikuwa juu ya wifi. Ilikuwa juu ya yule kijana aliyewafundisha, kwa asubuhi moja tu, kutafuta mwenzao wa kutupwa.

Kesho yake alirudi kazini, maana watoto walihitaji kula. Kijana alipita kati ya cherehani akitabasamu.

"Timu, hamjambo?"

Mama Kola alikanyaga pedali, na cherehani nyingine zikafuata, mpaka kilichotoka kinywani mwa meneja hakikusikika. Mama Kola mwenyewe hakutabasamu. Wifi alikuwa hapokei simu yake.