Tunapiga Mji Mzima

Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la picha pale Kanyenye, alitaka kuuona mji ukibadilika. Kila mwanzo wa mwezi tulipanda juu ya paa, mimi nimebeba miguu mitatu ya kamera, tukaipiga picha njia ile ile kutoka pale pale. Mwaka ukiisha, alisema, atazipanga picha kama karata, aziachie moja moja upesi kwa kidole gumba, na mji utatembea: mkrismasi, ule mti wa kando ya njia, utachanua maua mekundu, utapukutika, vumbi litageuka tope.

Mimi na elimu yangu ya darasa la nne, nikaona hiyo ni sinema yetu wenyewe. Kunyamaza kukanishinda. Nikapita kila kibaraza: "Jumamosi tunapiga picha mji mzima!"

Nilikuwa na maana ya nyumba na miti. Wao walisikia wao.

Basi wakaja, mwezi baada ya mwezi. Kanzu zimepigwa pasi, makoti ya harusi, kanga bado zinanuka duka. Hata masika, mvua inanyesha, walikunja miavuli ili nyuso zionekane. Siku ya kwanza kabisa bibi mmoja muuza karanga, mtani wangu, alisimama chini ya mkrismasi, ungo kichwani, ametulia kama yuko misa ya Pasaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Usinitoe nimefumba macho! Nataka binti yangu aliyeolewa Choma anitundike ukutani."

"Nitakuletea mwenyewe, bibi."

Nikaahidi hivyo, kwa kumpenda tu.

Mwaka ulipoisha tajiri alizibandika kwenye kioo cha duka. Kutoka kule juu watu walikuwa kama punje za ulezi. "Mbona mji wangu una sikukuu mwaka mzima?" aliuliza. "Nani aliwaambia?" Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Bibi akaja, amevaa ile kanga yake ya kupigia picha.

"Haya, mimi nipo wapi?"

Uso ukaniwaka. Nikaigusa picha iliyokuwa karibu, ya masika, kwenye nukta chini ya mti. "Huyu hapa. Umetoka vizuri, bibi."

Akasogeza pua hadi kwenye kioo. "Huyu hana ungo." Kisha, taratibu: "Na mwezi ule nilikuwa Choma, mume wangu. Binti alijifungua."

Hakukasirika. Heri angenitukana mbele ya watu wote waliojaa pale kwenye kioo.

Tajiri alizibandua picha, akazipanga, akanipa mkononi. Nikaziachia kwa kidole gumba. Mji ukatembea. Mkrismasi ukawaka, ukapukutika, tope likakauka; na chini ya mti nukta yenye ungo ipo, ipo, haipo, imerudi.

"Hee! Ndiye mimi huyo," bibi akasema. "Nimekwenda, nimerudi. Tena!"

Nikarudia. Alicheka, kisha kicheko kikapungua.

"Lakini binti yangu atanijuaje?"

Nikazipanga karata upya, nimeinamisha kichwa, nikamwonyesha tena.