Fundi Komeo na Chumba Kisicho na Kufuli

Mtaani kwetu kulikuwa na utani: ukipoteza ufunguo, usimngoje mwizi akufungulie, mwite Fundi Komeo, atafika kabla yake. Utu uzima wake wote mzee huyu aliumaliza akichonga funguo na kutia makomeo, na hapakuwa na mlango katika barabara ile ambao hakuijua tabia yake. Aliujua wa mwenye mashine ya kusaga, uliovimba wakati wa mvua, na ule wa mwalimu mstaafu, ambao haukufunguka mpaka ubembelezwe kwa goti. Jambo lililomuudhi kuliko yote ni kuvunja mlango. Hakuna mlango usiofunguka, alikuwa akisema. Kuna mfunguaji asiye na subira.

Mkewe alikuwa na duka la vitambaa. Yeye alikuwa mtu wa maneno na mumewe mtu wa kimya, nao walipendana kwa namna ya watu waliokaa pamoja siku nyingi, yaani kwa kuchokozana. Figo za mama huyo zilipogoma, ikawa lazima damu yake isafishwe kwa mashine kila wiki. Hospitali yenye mashine hiyo ilikuwa mbali, foleni yake haikuisha, na gharama yake ilikuwa imekwisha kula akiba yao na sasa ilikuwa inalamba sahani.

Binti yao mkubwa ndiye aliyepata habari za nchi nyingine ambako matibabu yalikuwa nafuu, na makao ya wazee yamejengwa ubavuni mwa hospitali.

"Baba, hapa tunazima moto kwa kijiko cha chai," alisema.

"Mtu huzeekea alikozoea, mwanangu."

"Mama akiendelea hivi hatazeekea popote."

Mzee alikwenda kulainisha bawaba za mlango wa mbele kwa mafuta, na mwezi uliofuata walisafiri.

Walipewa chumba cheupe chenye vitanda viwili, vishikizo vya chuma ukutani, na kamba ya kengele iliyoning'inia kando ya kila mto. Ulikuwa usafi ambao mtu asingeweza kuutilia ila. Lakini mlango haukuwa na kufuli, wala komeo, wala hata kitasa. Ulikuwa ubao mpana wa kusukumwa, na wauguzi, kwa kuwa mikono yao ilibeba sinia, waliusukuma kwa nyonga na kuingia bila hodi. Kila ulipofunguka, Fundi Komeo alishtuka na kuinuka kama mtu aliyekutwa hajavaa.

"Kaa, mzee," mkewe alimwambia. "Huyo kaleta dawa, hakuja kukuposa."

"Chumba gani hiki? Hata banda la kuku lina kipingo."

"Kuku wanaibwa. Sisi nani atatuiba? Akituchukua usiku, asubuhi ataturudisha mwenyewe."

Mama huyo alipazoea haraka. Alishika mashuka, akayasugua kati ya vidole, akawaonyesha wauguzi kwa ishara kwamba yale yangechakaa upesi, nao wakacheka na kumfundisha majina ya vitu. Muuguzi mmoja, aliyewahi kuishi kwetu na aliyezungumza Kiswahili kwa kuchechemea, alikuwa akimwita mama. Uso wa mama ulirudiwa na rangi. Mumewe aliliona hilo, akashukuru, na bado kila jioni alikaa ukingoni mwa kitanda mkono ukiwa mfukoni umeshika ufunguo wa nyumba yao, akitamani kuusikia mlango wake mwenyewe ukijifunga nyuma yake na kuwaacha walimwengu nje.

Siku moja mkewe alipokuwa kwenye mashine, alikwenda hadi duka la vifaa vya ujenzi, akaeleza haja yake kwa mikono, akanunua komeo dogo la shaba na kuazima bisibisi ya mtunza bustani. Alilitia kwa ndani, chini kidogo, mahali ambapo koti lililotundikwa lilifunika. Kwa nje hapakuonekana hata tundu. Kazi ile ilikuwa safi kama zote alizopata kufanya.

Tangu jioni hiyo walikuwa na saa yao. Baada ya sinia kuondolewa, mzee alisukuma komeo, mkewe akauliza, "Umefunga?" naye akajibu, "Nimefunga." Kisha walianza kutembea kwa maneno. Walitoka barazani kwao, wakapita kwa jirani mwenye mbwa mvivu, wakavuka daraja dogo la mferejini, wakasimama dukani kuulizana bei. Mama akisahau nyumba, mzee alimrudisha nyuma. Mlango ukiwa wazi hawakuweza kusema hata neno moja la safari hiyo. Ukiwa umefungwa, mtaa mzima uliingia chumbani.

Alasiri moja mzee alikuwa bustanini. Mkewe alikuwa ametoka kwenye mashine akiwa amechoka, na pengine kwa sababu ya uchovu huo aliitamani saa yao kabla haijafika. Aliinuka, akasukuma komeo mwenyewe, na alipogeuka kurudi kitandani kizunguzungu kilimchukua. Alianguka, kichwa kikagonga kishikizo cha chuma. Aliiwahi kamba ya kengele akaivuta, kisha akanyamaza.

Wauguzi walisukuma kwa nyonga, halafu kwa mikono. Yule wa Kiswahili cha kuchechemea alikimbia bustanini. "Baba, mlango hataki. Mama ndani."

Fundi Komeo alifika na kuupapasa ubao kwa vidole vyote. Alijua kilichokuwa upande wa pili hadi skrubu ya mwisho, na kwa hiyo alijua pia kwamba upande huu hakuacha hata upenyo wa waya. Alimwita mkewe kwa jina la utoto ambalo hatukuwahi kulisikia. Hakujibiwa. Mlinzi, mtu mnene, alikuwa amesimama akimtazama yeye, kama wote walivyokuwa wakimtazama.

"Vunjeni," alisema.

Mama alipona. Alishonwa kando ya jicho, akafungwa bendeji hapo na mkononi, akawaambia waliomzunguka kwamba sasa walau amepata mapambo. Msimamizi wa makao hakupandisha sauti. Alisema, na muuguzi akafasiri, kwamba mlango wa mgonjwa hauna budi kufunguka wakati wote. Anayekubali abaki kwa heshima zote, na asiyeweza atasaidiwa kupanga safari ya kurudi kwao.

Mzee aliposikia neno kurudi, moyo wake uliruka kabla ya akili, naye aliona haya kwa hilo. Alikaa karibu na mkewe. "Unasemaje, mama watoto? Twende zetu?"

Mkewe alimshika mkono.

"Nikirudi, nitakaa kitandani nikingoja kuzikwa," alisema. "Hapa nakaa nikingoja chakula cha mchana. Mimi nabaki. Lakini wewe hukuumwa figo, mzee wangu. Nenda. Sitakulaumu, na watoto nitawakataza wasikulaumu."

"Niende nikamfungulie nani mlango?"

Kesho yake fundi seremala alikuja kutengeneza ubao, na Fundi Komeo alimshikia upande mmoja, akampokeza misumari, na mashimo manne ya skrubu aliyaziba mwenyewe kwa unga wa mbao na gundi, akayasugua mpaka yasionekane. Kisha akaomba simu, akampigia binti yake.

"Nyumba ile tafuta wapangaji," alisema. "Watu wenye watoto, ili isikae kimya. Vyombo vyetu wagawie shangazi zako."

"Baba, una hakika? Si ulisema mwisho wa mwaka mtarudi?"

"Nilisema. Wapangaji, mwanangu."

Alipokata simu aligeuka na kumkuta mkewe analia, waziwazi, machozi yakiingia chini ya bendeji ya jicho. Alistaajabu, maana tangu wafike hakumwona akililia kwao hata mara moja.

"Si wewe uliyetaka tubaki?"

"Nilitaka," alisema, akijifuta kwa ncha ya shuka. "Niliweza kupazoea hapa kwa sababu nilikuachia wewe kazi ya kupatamani kwetu. Nilijua ipo mikononi mwa fundi. Sasa umeiacha, nani ataifanya?"

Mzee aliketi. Nje, sinia za chai zilikuwa zinakuja, mlango baada ya mlango.

"Tutapokezana," alisema. "Leo anza wewe."